Sindano imeacha doa na shimo kwenye kifundo cha mkono

Daktari, baada ya kujifungua niliumwa mkono chini ya kidole gumba nikachomwa sindano ya steroidi, dawa ya kutuliza uvimbe. Maumivu yaliisha, lakini miezi mitatu baadaye ngozi pale imebonyea, imepauka, na mishipa inaonekana. Ni ukoma?

Kwa maelezo yako, dada, ni sindano. Hapo ngozi ni nyembamba na mafuta chini yake ni machache. Steroidi kama triamsinoloni ni chengachenga zinazoyeyuka polepole; zikibaki karibu na ngozi, mafuta husinyaa na seli zinazotengeneza rangi hulala. Kwa ngozi nyeusi huonekana zaidi. Wakati mwingine weupe hupanda mkono kama mstari, ukifuata njia za limfu (vijirija vinavyobeba majimaji ya mwili), na huo ndio huwatisha watu kuliko doa lenyewe.

Ila usikisie. Fumba macho, mwenzako aguse doa kwa ncha ya pamba. Usiposikia kitu, huenda ni ukoma; nenda kituo cha afya upimwe. Dawa za ukoma hutolewa bure.

Litaondoka?

Mara nyingi ndiyo, lenyewe, ingawa huchukua kati ya miezi 6 na miaka 2. Wengine hubaki na alama. Lipige picha kila mwezi, mahali palepale penye mwanga uleule, maana kwa macho ya kila siku hutaona tofauti.

Hakuna dawa ya kuharakisha?

Kuna madaktari wa ngozi wanaochoma maji safi ya chumvi, kama yale ya dripu, chini ya doa mara moja kwa wiki kwa wiki kadhaa, ili chenga zilizoganda zitawanyike. Ushahidi wake unatokana na wagonjwa wachache, lakini hatari yake ni ndogo. Si kazi ya kufanyiwa nyumbani. Shimo lisilojaa hata baada ya mwaka na zaidi linaweza kujazwa mafuta yanayotolewa tumboni.

Mkorogo usiuguse. Baadhi yake una klobetasoli, steroidi kali kuliko nyingi, nayo itaikondesha ngozi hiyohiyo. Kupaka vitunguu na tangawizi kutakuunguza tu. Juani, vaa mikono mirefu.

Maumivu yakirudi, nichomwe tena?

Si palepale kabla ngozi haijapona, na mwonyeshe daktari doa hilo kwanza. Kuna kifaa cha kufunga mkononi ili kidole gumba kitulie. Na mtoto usimnyanyue kwa kumshika makwapani vidole gumba vikiwa juu. Pitisha viganja chini ya makalio na mgongo wake.