Kabla hujanunua mashine ya kufungua bahasha za malipo, hesabu mikono kwanza

Mwezi uliopita nilipigiwa simu na mhasibu wa ofisi moja hapa Mtwara inayopokea karatasi za malipo ya korosho kutoka vyama vya msingi vya ushirika wa wakulima. Alikuwa ameletewa profoma ya mashine ya kufungua bahasha. "Fundi, hii kitu inafungua bahasha mia tatu kwa dakika. Tuichukue?" Nikamuuliza, msimu ukikolea mnapokea bahasha ngapi kwa siku? Akasema kama mia sita. Basi bosi, nikamwambia, itafanya kazi dakika mbili, halafu itafunikwa kitambaa mpaka kesho.

Akacheka, lakini akaniita nikaone masijala yao.

Watu wengi wanaouliza kuhusu mashine hizi huanzia kwenye kasi ya kufungua, na wauzaji wanalijua hilo. Ila kufungua bahasha hakujawahi kuwa kazi yenyewe. Kazi ni kutoa kilichomo, kukikunjua, kukipanga, kugonga mhuri wa IMEPOKELEWA, na kuhakikisha hakuna kilichobaki ndani. Siku ile nilikaa na simu mkononi nikimpima dada wa masijala bila kumharakisha. Bahasha moja ilimchukua kama sekunde 15, na katika hizo kuchana tu kulikula sekunde 3. Kwa bahasha 600 ni saa mbili na nusu. Ukimpa mashine ya kuchana, hata iwe na kasi ya radi, utamwokolea nusu saa. Zile saa mbili nyingine zinabaki palepale, mikononi mwake.

Ukijua mashine hizi zilizaliwa kwa kazi gani, utaelewa kwa nini wauzaji husifu wanachokisifu. Marekani, kwa miaka mingi, mteja wa umeme au wa kadi ya benki alikuwa akilipa kwa kutuma hundi kwa posta, pamoja na kipande cha bili alichokichana pembeni. Bahasha zinakwenda kwenye sanduku la posta ambalo benki ndiyo inalifungua kwa niaba ya kampuni. Bahasha ni ya saizi moja, imechapishwa na kampuni yenyewe, na ndani mna hundi moja na kipande kimoja. Hiyo ndiyo wanayoitaka. Yenye hundi mbili, au barua ya malalamiko, au pini, inatengwa na kupelekwa meza nyingine. Mashine za bei kubwa zinaitambua hundi kwa wino wake wa sumaku na zinagundua chuma kabla kisu hakijakikuta.

Sasa njoo kwetu. Kwenye meza ya dada yule palikuwa na bahasha ndefu za milimita 110 kwa 220, lakini nyingi zilikuwa za kaki zinazomeza A4 bila kukunjwa, zimebanwa stepla mbili, juu yake selotepu, na nyingine zimefika na basi la Newala mkononi mwa kondakta zikiwa zimekunjwa katikati. Ndani mna orodha za majina, nakala za stakabadhi za ghala, fomu za kubadilisha akaunti, na mara mojamoja hundi. Mashine nyingi za mezani hata hazina nafasi ya kuingiza kaki la A4, na ile ya kwenye profoma ilikuwa mojawapo.

Kuna namna mbili za kufungua ukingo, na hapa naomba mnunuzi asikilize vizuri. Ya kwanza inakata: kisu kinachozunguka kinaondoa utepe mwembamba wa karatasi. Ni ya bei nafuu na kisu chake hunolewa au kubadilishwa kirahisi, ila kikikuta karatasi imepanda hadi juu hakiulizi. Ya pili inasaga: meno madogo yanalamba ukingo kidogo kidogo mpaka mkunjo ukatike, na ukingo unabaki laini kama umekwaruzwa kwa msasa. Hii unaweza kuirekebisha ilambe kina kidogo sana, kwa hiyo hata karatasi ikigusa juu, inapoteza manyoya tu. Ubaya wake ni unga. Kuna kidroo cha kukusanya vumbi la karatasi, kisipomwagwa linajaa mpaka kwenye sensa, yaani kile kijicho kinachoona bahasha ikipita, kisha mashine inaanza kusimama bila sababu na fundi anaitwa kumwaga taka.

Mimi kwa karatasi za malipo ningechagua ya kusaga, bila kusita. Niliwahi kufanya kazi Dar es Salaam kwenye ofisi ya kuchakata nyaraka, na asubuhi moja kisu cha mashine ya kukata kilipita kwenye kona ya hundi, hapo hapo kwenye namba za chini. Kosa lilikuwa langu. Bahasha zinapaswa kugongwa mezani kwanza, kama unavyogonga karata ziwe sawa, upande utakaokatwa ukiwa juu, ili vilivyomo vishuke chini. Mimi niliziinua kutoka kwenye kreti nikazilisha vilevile. Hundi ile ilibidi iandikwe upya, na aliyeiandika alikuwa amesafiri.

Kundi jingine ni meza za kutolea, ambazo ndizo huitwa za nusu otomatiki. Kampuni ya OPEX ya Marekani ina jina kubwa hapo. Mtu anakaa kwenye kiti, mashine inaleta bahasha moja moja, inaikata juu na ubavuni, kisha vikombe vya kunyonya upepo vinavuta kuta zake mbili na bahasha inapanua mdomo mbele yako. Unachukua karatasi kwa mikono miwili bila kupekua. Bahasha tupu inapoondoka inapita kwenye kipimo cha unene, ikiwa nene kuliko inavyotakiwa mashine inasimama na kukurudishia.

Hicho kipimo cha unene, kwangu, ndicho kinachostahili hela. Hundi inayobaki kwenye bahasha inayotupwa hakuna anayeijua mpaka mlipaji apige simu, na hapo kila mtu masijala anakuwa mtuhumiwa.

Je, meza hiyo inalipa? Fanya hesabu ya mkono uleule. Kwa bahasha za saizi moja, mtu aliyezoea anaweza kushuka kutoka sekunde 15 hadi kama 7. Bahasha 5,000 kwa siku kwa mkono mtupu ni karibu saa 21, yaani watu watatu kutwa nzima. Kwa meza ni chini kidogo ya saa 10. Ila meza moja ina kiti kimoja, kwa hiyo unahitaji meza mbili au zamu mbili, jambo ambalo profoma haikuambii. Kwa bahasha 600, nusu yake kaki, tena msimu wa Oktoba hadi Januari tu, sioni hesabu inayokubali.

Halafu umeme. Mashine kuukuu kutoka Marekani ni rahisi kuagiza na zinavutia macho, lakini ni za volti 120 na mzunguko wa hezi 60, yaani mara 60 kwa sekunde. Sisi ni 230 na 50. Utaambiwa "weka transfoma tu." Transfoma inashusha volti, haigusi hezi. Mota ya kawaida iliyotengenezwa kwa 60 ikipewa 50 inazunguka pungufu kwa sehemu moja ya sita na inapata joto zaidi. Kama mikanda yote na kisu vinaendeshwa na mota moja, utapoteza kasi na utaishi. Kama kisu kina mota yake na mkanda unaongozwa na bodi ya elektroniki, vitu viwili vilivyopaswa kwenda pamoja vinaachana: bahasha inafika kwa kasi ileile, kisu kimechelewa, ukingo unatoka umetafunwa. Nimeiona ikitokea, na mwenye mashine akabadilisha visu vitatu kabla hajakubali kwamba kisu hakina kosa. Soma kibati cha nyuma. Kikiandika 50/60 Hz, endelea na mazungumzo.

Hewa ya pwani nayo ina neno lake. Mvua zetu zinaanza Novemba au Desemba, katikati ya msimu wa malipo. Karatasi inavuta unyevu, gundi ya bahasha inaamka na kushika kilichomo, na raba za kulishia zinapata utelezi kiasi kwamba bahasha mbili zinaingia kama moja. Spiriti na kitambaa kila asubuhi. Muuzaji asiyeweza kukuletea raba za akiba, muage.

Ofisi ile mwishowe ilichukua mashine ndogo ya kusaga kwa bahasha ndefu peke yake. Kaki zinaendelea kufunguliwa kwa kisu cha mkono, baada ya stepla kung'olewa. Hela iliyobaki, sehemu ndogo tu, ilimwendea seremala wa mtaani aliyetengeneza sanduku la mbao lenye kioo juu na taa ya LED ndani. Kila bahasha tupu inapita juu ya kioo kabla ya kutupwa, kama mfugaji anavyomulika yai. Mhasibu alilidharau sana sanduku hilo siku linaletwa. Bahasha zilizomulikwa zinakaa kwenye boksi lenye tarehe kwa siku saba ndipo zichomwe, na kwenye boksi dada wa masijala ameandika kwa maka pen ZIMEMULIKWA. Wiki ya kwanza kioo kilitoa nakala mbili za stakabadhi, zote zimenata kwenye gundi.