Geko-chui aliyekonda hahitaji kushibishwa siku ya kwanza

Mjusi huyu wa nyanda kavu za Pakistan, Afghanistan na kaskazini magharibi mwa India (tofauti na mjusi kafiri wa nyumbani, yeye ana kope na hapandi kuta) huhifadhi mafuta mkiani. Akiokolewa mkia ukiwa mwembamba kama kijiti, wengi hukimbilia kumjaza funza. Ni kosa. Mwili uliopoa hausagi chakula. Huchachia tumboni, naye hutapika na kupoteza maji zaidi.

Anza na joto: sakafu ya upande mmoja wa tangi analofugiwa iwe nyuzi 31 hadi 33 za Selsiasi, kwa thamostati (kifaa kinachodhibiti joto), upande mwingine 24 hadi 26. Kisha maji. Mloweshe dakika 10 hadi 15 kwenye maji ya vuguvugu yasiyofika mabegani. Ngozi kuukuu iliyokwama vidoleni hulainika hapo. Isugue kwa kijiti cha pamba, usiivute kwa nguvu, maana kidole chaweza kukatika.

Siku ya pili au ya tatu mpe nyenje wadogo wawili waliopakwa unga wa kalsiamu yenye vitamini D3, uongeze taratibu. Ondoa mchanga, tandika karatasi za jikoni, kinyesi utakiona. Taya laini au miguu iliyopinda? Hapo ni daktari wa wanyama, unga pekee hautoshi.