Kinga ya kimyanga isiyoonekana kwa macho

Mkulima wa Kilombero au Kyela hana haja ya kuelezwa kimyanga. Majani yanaingia mabaka ya njano, mpunga unadumaa, na masuke yakitoka yamejaa mapepe. Virusi vya ugonjwa huu vipo Afrika tu. Viligunduliwa mwaka 1966 upande wa Kisumu. Huenezwa na mbawakavu, hata na mikono na zana za wapaliaji, na vikishaingia kwenye mmea hakuna dawa ya kuvitoa. Kinga lazima itoke kwenye mbegu yenyewe.

Kinga hiyo ipo. Mpunga wa Msumbiji uitwao Gigante una jeni ya rymv1 iliyotofautiana kwa herufi moja tu ya vinasaba. Protini ambayo virusi huishikilia ili vizaliane imebadilika umbo kidogo, basi vinakosa pa kushika.

Lakini mlaji anataka Supa, na harufu yake. Kwa hiyo sisi watafiti wa mbegu tunachavusha Supa kwa Gigante, kisha kila uzao tunaurudisha tena kwa Supa, mara tatu au zaidi, hadi ubaki Supa mwenye kinga. Hapo ndipo jeni hii inapotutesa: hukinga tu mmea uliorithi nakala mbili, ya baba na ya mama. Mmea wenye nakala moja huugua sawasawa na usio nayo kabisa. Bila alama za vinasaba, yaani sehemu za vinasaba zilizo jirani na jeni zinazoonyesha kama ipo, inabidi uache mimea ijichavushe, upande watoto wake, uwaambukize, ndipo ujue mzazi yupi aliibeba. Msimu mzima umekwenda.

Kwa alama, nakata kipande cha jani la mche mchanga, kisichozidi ukucha. Tunakisaga, tunatoa vinasaba, mashine inanakili sehemu iliyo jirani na jeni, kisha umeme unavuta vipande hivyo ndani ya jeli. Supa unatoa mstari wake, Gigante wake. Mche wenye nakala moja unatoa yote miwili. Mche huo wenyewe bado ungeugua, lakini umeibeba jeni, hivyo ndio tunaoutaka kuurudisha kwa Supa, na tunaujua kabla haujachanua. Mingine tunaing'oa.

Wengi huuliza kama huu ni uhandisi jeni. Sivyo. Chavua tunaihamisha kwa mkono. Alama inasoma tu, haiingizi kitu kwenye mmea.

Ninachokisisitiza kwa wenzangu ni kwamba jeni moja haitoshi. Virusi hubadilika, na tayari vipo vinavyoivunja kinga ya Gigante. Tunapaswa kuiunganisha na jeni nyingine za kinga, RYMV2 au RYMV3, zinazopatikana kwenye mpunga wa asili wa Afrika Magharibi, Oryza glaberrima. Shambani, mmea wenye jeni mbili na wenye moja unaweza kuonekana mzima vilevile. Alama ndizo zinazotutenganishia. Ugumu ni kwamba chotara wa kwanza wa mpunga huu wa Afrika na Supa huwa karibu tasa, hivyo mbegu chache tunazozipata tunazipima zote, moja moja.