Tabaka la makazi ni nini?

Mafundi wanapochimba msingi wa jengo katika mji mkongwe, huenda wakakuta udongo umebadilika ghafla: chini ya kifusi cha juzi kuna udongo mweusi, wenye mkaa, mifupa ya mifugo na vigae vya vyungu. Hilo ndilo tabaka la makazi. Ni udongo uliozalishwa na watu kwa kuishi tu mahali hapo, wakimwaga majivu, wakitupa mabaki ya chakula, wakibomoa nyumba mbovu na kujenga nyingine juu yake.

Novgorod, nchini Urusi, ni mfano mzuri kupita yote ninayoijua. Barabara za mji huo katika Zama za Kati zilitandikwa magogo. Yalipozama katika tope, wakazi walitandika mengine juu. Katika barabara moja, wachimbaji walihesabu matandiko 28, la kwanza la mwaka 953 na la mwisho la 1462. Miaka hiyo ilijulikana kwa kusoma miduara ya ukuaji ndani ya magogo yenyewe, kwa kuwa mti huongeza mduara mmoja kila mwaka, mpana au mwembamba kulingana na hali ya hewa. Kina cha udongo, basi, ni kama kalenda: cha chini kilitangulia, cha juu kilifuata, isipokuwa pale mtu alipochimba kisima au choo na kuuchanganya.

Watu wengi hudhani dalili ya mji wa kale lazima iwe ukuta wa mawe au sarafu. Sivyo. Nyumba nyingi za wakati huo zilikuwa za miti, na mti ukioza katika udongo mkavu huacha doa tu. Nguzo iliyosimama hapo miaka mia nane iliyopita huonekana kama duara jeusi katika udongo wa rangi nyingine. Madoa kumi yakikaa katika mstari, ukuta umepatikana. Duara la namna hiyo huonekana vizuri udongo ukikwanguliwa taratibu kwa mwiko, ilhali tingatinga hulifuta kwa mkupuo mmoja bila dereva kujua kwamba kulikuwa na nyumba.

Penye majimaji mambo hubadilika. Hewa haifiki, vijidudu vya kuozesha hushindwa kufanya kazi, na mbao, ngozi na nguo hudumu. Mjini Istanbul, ujenzi wa kituo cha reli cha Yenikapı ulifukua bandari nzima iliyojaa tope, pamoja na mabaki ya meli 37 za kati ya karne ya 5 na ya 11.

Jambo linalonigusa zaidi ni kwamba tabaka la makazi halichimbwi mara mbili. Hata mwanaakiolojia makini huliharibu anapolichimba. Kinachobaki ni michoro, vipimo, picha na vitu vilivyookotwa pamoja na kumbukumbu ya mahali kila kimoja kilipolala. Kitana cha mfupa kisichojulikana kilitoka tabaka gani ni kitana tu. Ndiyo maana nchi nyingi hutaka eneo likaguliwe kabla ya kibali cha ujenzi, na mkataba wa nchi za Ulaya uliotiwa saini Malta mwaka 1992 uliweka wazi kuwa gharama ya kazi hiyo iingizwe katika bajeti ya mradi.

Kabla ya hapo, mambo yalitegemea sana kelele za wananchi. Mwaka 1978 watu wapatao 20,000 waliandamana Dublin, nchini Ireland, kutetea mabaki ya mji wa Waviking, mabaharia wa kale kutoka Skandinavia, pale Wood Quay, na bado ofisi za jiji zilijengwa papo hapo. York, nchini Uingereza, miaka hiyohiyo, wachimbaji walipewa nafasi kuanzia 1976 hadi 1981 kabla ya maduka kujengwa mtaa wa Coppergate. Chini ya maduka hayo, tangu 1984, wageni hushuka kutazama mbao za nyumba za karne ya 10.