Tumerudi wapi? Namna ninavyousoma uchumi wa Zanzibar tangu 2020

Kila nikipata darasa jipya la takwimu, hesabu ya kwanza ninayoiandika ubaoni ni hii. Mwaka 2020, mwaka wa korona, idadi ya watalii walioingia Zanzibar ilipungua kwa asilimia 51.6. Mwaka 2021 ikaongezeka kwa asilimia 51.2. Jee, tumerudi tulipokuwa?

Karibu darasa zima hujibu ndiyo. Imepungua hamsini na moja na kitu, imeongezeka hamsini na moja na kitu, tofauti ni nukta chache tu. Hapo ndipo ninapoandika idadi zenyewe. Mwaka 2019 waliingia watalii 538,264. Mwaka 2020 waliingia 260,644. Mwaka 2021 waliingia 394,185. Kwa hiyo pamoja na ongezeko lote lile, bado tulikuwa na upungufu wa watu 144,079. Tulikuwa tumefika kiasi cha asilimia 73 ya pale tulipokuwa kabla ya kuanguka. Nusu ya pishi iliyojaa si sawa na nusu ya pishi iliyobaki nusu, na kila mama anayepima mchele dukani anajua hivyo bila ya kwenda skuli.

Naandika haya kwa sababu tarakimu ya ukuaji husomwa redioni kila robo mwaka, na watu wengi huichukua kuwa ni jibu la swali jengine kabisa. Kukua ni mwendo. Kupona ni mahali. Mtu anayetolewa kisimani anapanda juu kila dakika, lakini mpaka aguse ukingo bado yumo kisimani. Swali la kupona halijibiki mpaka useme umepona ukilinganisha na mwaka gani, na nani hasa aliyepona.

Mwaka wangu wa kulinganishia ni 2019. Tarakimu yoyote inayotoka Ofisi ya Mtakwimu Mkuu wa Serikali, kabla sijaitazama asilimia, naiweka kwanza pembeni ya ile ya 2019, mwezi kwa mwezi. Kwa watalii, ukingo wa kisima tuliugusa 2022, walipoingia 548,503. Baada ya hapo tukapanda: 638,498 mwaka 2023 na 736,755 mwaka 2024.

Sasa nije kwenye Pato la Taifa, yaani thamani ya vyote vinavyozalishwa kwa mwaka, maana hapa ndipo penye mashaka makubwa. Pato la Zanzibar halikushuka mwaka 2020. Lilikua kwa asilimia 1.3, baada ya kukua kwa asilimia 7.0 mwaka mmoja kabla. Nilipoitaja tarakimu hiyo nyumbani, mdogo wangu alinitazama kama niliyemtukana. Alikuwa na miezi kadhaa amesimamishwa kazi kwenye hoteli moja ya upande wa Nungwi, yeye na karibu wenzake wote, na tayari alikuwa na deni la mapolo (magunia) mawili ya mchele kwenye duka la mtaani kwao. "Dada," akaniambia, "umekua wapi huo uchumi?"

Alikuwa na haki ya kuuliza, na jibu limo kwenye tarakimu nyengine. Sensa ya 2022 ilituhesabu watu 1,889,773, kutoka 1,303,569 mwaka 2012. Hilo ni ongezeko la wastani wa asilimia 3.7 kwa mwaka, kubwa mno kwa visiwa vyetu hivi. Sinia likiongezeka kwa 1.3 na walaji wakaongezeka kwa 3.7, kila mmoja anakula kidogo kuliko jana. Nikikadiria kwa wastani huo, pato la kila mtu mwaka 2020 lilipungua kwa kiasi cha asilimia 2.3. Mwaka 2021 uchumi ukakua kwa asilimia 5.1, tukashangilia. Lakini ukizidisha miaka yote miwili na kugawa kwa watu, mwishoni mwa 2021 bado tulikuwa chini ya 2019 kwa kiasi cha asilimia moja. Yaani pato la Zanzibar halikuanguka hata mwaka mmoja, na papo hapo Mzanzibari wa wastani alikaa miaka miwili chini ya alipokuwa. Yote mawili ni kweli. Ukiitaja ya kwanza ukaiacha ya pili, umemnyima mtu kama mdogo wangu ushahidi wa jambo aliloliishi.

Ndiyo maana siridhiki na taarifa yoyote ya uchumi wa Zanzibar isiyogawa kwa idadi ya watu. Nchi ambayo watu wake wanaongezeka taratibu inaweza kulisahau jambo hili. Sisi hatuwezi.

Jengine linalowapoteza wasomaji ni misimu. Mei, mvua za masika zikiwa zimeshika, fukwe za mashariki huwa tupu na baadhi ya hoteli hufunga kabisa ili kutengeneza mapaa. Julai na Agosti hujaa. Ukilinganisha Agosti na Mei utaona miujiza kila mwaka, hata katika mwaka mbaya. Kwa hiyo Agosti hulinganishwa na Agosti, na hilo wengi wameshalijua. Lakini kwenye bei kuna mtego ambao vitabu vya Ulaya havikufundishi, nao ni Ramadhani. Mwezi Mtukufu unarudi nyuma kiasi cha siku 11 kila mwaka wa kalenda ya kizungu. Mwaka 2022 ulianza mwanzoni mwa Aprili, na mwaka 2023 ukaanza wiki ya mwisho ya Machi. Mtu akichukua bei za Machi 2023 akazilinganisha na za Machi 2022, upande mmoja una siku za futari ndani yake na wa pili hauna. Muhogo, ndizi mbichi, mbatata, nazi na tende hupanda bei siku hizo kwa sababu watu wote wanataka kitu kimoja kwa wakati mmoja. Bei hazijaharibika, kalenda ndiyo iliyosogea. Mimi huchukua Machi na Aprili pamoja nikatafuta wastani, ndipo nikalinganisha.

Na mchele nautazama peke yake. Mchele, unga wa ngano, sukari na mafuta ya kupikia tunavipokea kwa wingi kutoka nje ya visiwa, kwa hiyo bei zake zinaweza kupanda kwenye soko la Darajani mjini hata kama kwetu hapakutokea jambo. Nikitaka kujua hali ya familia, bei ya mchele wa mapembe kwa kilo hunieleza haraka kuliko kikapu kizima cha bidhaa.

Umeme nao ni kipimo ninachokipenda, kwa sababu hautoki kwenye dodoso. Hoteli iliyojaa inawasha viyoyozi, kiwanda cha barafu kinagandisha, fundi wa kuchomelea anachomelea. Lakini umeme wetu unatoka Bara kwa waya uliopita chini ya bahari, na waya una historia yake. Kuanzia Disemba 2009 mpaka Machi 2010 Unguja ilikaa karibu miezi mitatu gizani. Ukiangalia matumizi ya umeme ya kipindi hicho utadhani uchumi umekufa, kumbe wenye uwezo walikuwa wanaendesha majenereta kwa dizeli, na wasio na uwezo ndio walioumia kweli. Tarakimu moja, hadithi mbili. Tangu hapo sikiamini kiashiria chochote kinachosimama peke yake.

Hata watalii wenyewe si hesabu ya vichwa tu. Mwanzoni mwa 2021 ndege za kukodi kutoka Urusi ndizo zilizotuinua, na tuliona raha. Februari 2022 vita vilipoanza, mamia ya watalii wa Ukraine walijikuta wamekwama kwenye hoteli zetu, hawana pa kurudi. Siku zile nilijifunza kuuliza, pamoja na wangapi, wanatoka wapi na wanategemea njia ngapi za ndege. Tena mgeni aliyelipa chumba, chakula na vinywaji vyote kabla ya kupanda ndege anahesabiwa mmoja, na mgeni anayelala nyumba ya wageni Jambiani akanunua samaki kwa mvuvi na kanga dukani naye anahesabiwa mmoja. Kwa mtaa, hawa wawili hawafanani hata kidogo.

Mpaka hapa nimezungumza habari za Unguja, na nakiri kwamba wachumi wengi wa Zanzibar tunaishia hapo hapo. Mimi nimezaliwa Wete, Pemba. Kila nikisikia "uchumi wa Zanzibar umerejea kwa sababu watalii wamerejea", namuona mjomba wangu wa Mtambwe, mwenye mikarafuu yake na ambaye mtalii humuona mara chache sana.

Pemba ina saa yake. Saa hiyo ni karafuu, na karafuu haikujua korona. Mkarafuu uliozaa sana mwaka huu mwakani hupumzika, na zao kubwa hurudi baada ya miaka kadhaa. Bei haipangwi na wakulima. Mnunuzi ni mmoja, Shirika la Biashara la Taifa la Zanzibar, na kwa miaka mingi kilo ya daraja la kwanza ilikaa kwenye shilingi 14,000. Bei ikiwa imesimama, kipato cha mjomba kinapanda na kushuka kwa kilo tu. Na shilingi 14,000 ya mwaka wa kwanza si ile ya mwaka wa sita, maana mchele haukusimama kumngojea.

Msimu mkubwa ukifika huhitaji taarifa ya ofisi yoyote. Majamvi yanatandikwa kandokando ya barabara kutoka Wete mpaka Chake, harufu inaingia ndani ya gari, wachumaji wanalipwa kwa pishi jioni ile ile. Baada ya wiki chache mabati yanaadimika madukani, mafundi wa Wete wanakataa kazi mpya, na kadi za harusi zinakujia tatu kwa wiki. Msimu mdogo ukifika, hayo yote yananyamaza, hata kama Nungwi hoteli zimejaa pomoni.

Kwa hiyo ukilinganisha karafuu za mwaka huu na za mwaka jana unafanya kosa lile lile la Agosti na Mei, isipokuwa msimu wenyewe una urefu wa miaka. Mimi huchukua wastani wa miaka mitano, nikasogeza mwaka mmoja mmoja. Mstari unaotoka ni wa polepole na hausisimui, lakini unanionyesha kama Pemba inapanda au inachakaa.

Na historia inatufundisha kupona kwa mti kulivyo. Kimbunga cha 1872 kiliangusha sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja, na Pemba ikanusurika kwa kiasi kikubwa. Mche wa mkarafuu unahitaji kiasi cha miaka sita au zaidi ndipo uanze kuzaa, sembuse kuzaa vizuri. Unguja haikurudia tena nafasi yake, na tangu wakati huo karafuu ya Zanzibar kwa sehemu kubwa ni karafuu ya Pemba. Ndege zinaweza kurudi ndani ya miezi sita. Mashamba hayarudi hivyo. Na ipo siku uchumi unaumia, ukapona, lakini mahali pengine na mikononi mwa watu wengine.

Isidhaniwe kwamba 2020 iliipita Pemba bila kuigusa. Iliigusa kwa mlango wa nyuma. Vijana wengi wa kule wanafanya kazi hotelini na madukani Unguja, na pesa zao ndizo zinazolipa ada na dawa nyumbani. Hoteli zilipofunga, pesa zilikatika, kisha vijana wenyewe wakapanda boti wakarudi. Nyumba ya mjomba iliongezeka watu wanne. Pato la Taifa, linalohesabu Zanzibar yote kwa pamoja, haliwezi kuwaona watu hao wanne.

Wa kuwaona ni utafiti wa mapato na matumizi ya kaya, ambao ndio kiashiria ninachokiheshimu kuliko vyote, na ndicho cha polepole kuliko vyote. Hufanywa kila baada ya miaka mitano hivi. Ule wa 2014/15 ulikuta asilimia 30.4 ya watu wako chini ya mstari wa mahitaji ya msingi, yaani mstari wa umasikini, na ule wa 2019/20 ukakuta asilimia 25.7. Ni maendeleo ya kweli. Lakini tazama tarehe: sehemu kubwa ya 2019/20 ilikusanywa kabla ya hoteli kufungwa. Anayeitumia 25.7 kuthibitisha kwamba tumepona anatuonyesha picha iliyopigwa kabla ya ajali.

Katikati ya tarakimu za haraka za watalii na utafiti huu wa miaka mitano pana shimo, na mimi hulijaza kwa daftari. Nina kaya sita ninazoziuliza maswali yale yale kila baada ya miezi mitatu, tatu Unguja na tatu Pemba, kwa ridhaa yao. Kaya sita si sampuli, na sizitumii kuthibitisha kitu. Nazitumia kujua nimuulize nani na niangalie wapi. Mdogo wangu ni mmoja wao. Aliitwa tena kazini katikati ya 2022, kwa mkataba wa msimu badala ya ule wa mwaka aliokuwa nao mwanzo. Mwisho wa mwaka huo idadi ya watalii ikaipita ya 2019. Deni la mapolo mawili alilimaliza Machi 2023.