Sufuria Haipimi Usikivu wa Mtoto

Hapa Lamu mtoto mchanga hupimwa usikivu na bibi yake, kwa sufuria. Kifuniko kinagongwa nyuma ya kitanda, mtoto anashtuka, watu wanasema alhamdulillahi. Mimi kazi yangu ni kupima masikio, na kipimo hicho sikiamini hata kidogo. Mtoto huweza kushtushwa na mtikisiko wa kitanda, upepo wa mkono au kivuli. Na hata akiwa amesikia kweli, mlio wa sufuria ni mkali mno: asiyesikia vizuri ataupata, ila maneno ya mama yake hayamfikii sawasawa. Sauti ya mtoto nayo isikuhadae. Mtoto kiziwi hulia, hucheka na hubwabwaja miezi ya mwanzo kama mwenzake.

Mashine ninayopimia mimi haimngoji mtoto ajibu. Naweka kijiti chenye ncha laini kwenye tundu la sikio. Ndani yake mna spika na maikrofoni. Spika inatoa milio midogo, na seli za vinyweleo ndani ya koklea, yaani sehemu ya ndani ya sikio inayopokea sauti, zikiwa nzima, zinarudisha mwangwi hafifu sana. Mwangwi huo mwanafizikia David Kemp aliuripoti London mwaka 1978. Mtoto akiwa ameshiba na amelala, dakika chache zinatosha. Taabu ni kelele: nafunga dirisha, nazima feni, kisha punda analia uchochoroni na naanza upya.

Kipimo hiki kina upofu wake. Kinaishia kwenye koklea, hakijui kama ujumbe umefika kwenye ubongo. Mtoto aliyepata manjano kali anaweza kutoa mwangwi mzuri kabisa huku neva ya usikivu haifanyi kazi ipasavyo. Kwa hiyo aliyelazwa chumba cha watoto mahututi zaidi ya siku 5 nataka apimwe kwa njia ya pili: vibandiko vya umeme kichwani, milio ya desibeli 35 sikioni, na mashine inasoma jibu la shina la ubongo. Mwangwi peke yake haumtoshi.

Siku ya kwanza wengi hawapiti, kwa sababu tundu la sikio bado lina majimaji na utando wa kuzaliwa. Huo si uziwi. Ni kurudia tu. Lakini mama wa Faza, kisiwani Pate, hawezi kukaa, boti inawahi maji kujaa ipite mlango wa bahari wa Mkanda, na akishafika kwake ataanza arobaini. Mwongozo wa kimataifa unataka mtoto apimwe kabla ya mwezi 1, tatizo lithibitishwe kabla ya miezi 3, na msaada uanze kabla ya miezi 6. Mimi namwambia, “Mama, ukija kwa chanjo ya wiki 6, pitia kwangu.” Arobaini imekwisha, safari ni ileile moja, na miezi 3 bado haijafika. Kuchelewa wiki mbili ni afadhali kuliko kutomwona tena.

Kupita nako hakudumu milele. Akiugua homa ya uti wa mgongo, apimwe upya hata kama alipita siku ya kuzaliwa. Baada ya ugonjwa huo koklea inaweza kuanza kugeuka mfupa ndani ya wiki chache, na ikishajaa mfupa, kupandikiza kifaa cha kusikia huwa kazi ngumu sana. Huyo asingoje kliniki ijayo. Aletwe kabla hajatoka wodini.