Kwa nini wino wa ubao mweupe hugoma kutoka kwenye mkeka wa mchezo?

Mkeka wangu wa kwanza wa kuchezea Dungeons & Dragons una daraja jekundu ambalo hakuna zimwi lililowahi kulivunja. Nililichora jioni moja kwa maka peni ya ubao mweupe, na mpaka leo liko palepale, hata hadithi ikiwa ya jangwani.

Kwa asiyeujua mchezo huu: ulitoka Marekani mwaka 1974, kazi ya Gary Gygax na Dave Arneson. Msimulizi hueleza mahali na hatari zake, wenzake husema wahusika wao wanafanya nini, kete zinaamua. Vita vikianza, sanamu ndogo hupangwa kwenye mkeka wenye miraba. Kila mraba ni inchi moja na huhesabiwa futi 5, kwa hiyo miraba 24 inakupa ukumbi wa futi 120, kama mita 36 hivi. Unachora kuta, mnapigana, unafuta, unachora upya.

Tatizo liko kwenye kufuta. Wino wa ubao mweupe umetiwa kitu chenye utelezi kinachoizuia rangi isishike. Juu ya kioo au ubao mgumu hukauka ukiwa umelala juujuu, na kitambaa kikavu kinauzoa. Lakini mikeka mingi ya kuviringisha ni ya vinili, plastiki ngumu iliyolainishwa kwa vilainishi vyenye umbile la mafuta. Viyeyusho vya wino hupenya humo na kuiburuta rangi pamoja navyo. Unasugua juu, doa liko ndani.

Vinili inataka kalamu ya kufutwa kwa maji, ile ambayo walimu waliandikia kwenye karatasi za plastiki za projekta enzi hizo. Kitambaa chenye unyevu kinatosha. Ila nyekundu usiilaze humo wiki nzima. Hata hiyo huacha alama.

Ndiyo maana mtu akiniuliza anunue mkeka gani, namuuliza kwanza anapata kalamu gani. Maka peni za ubao mweupe zimejaa kila duka la vifaa vya shule. Hizo za maji mpaka uzisake. Ukikosa, achana na vinili. Chapisha miraba ya inchi moja kwenye A4, inaingia 8 kwa 11 ukibana pambizo, kisha peleka stesheneri wakupigie lamineshen. Plastiki yake ni ngumu, hainywi wino kirahisi. Karatasi nne zikiunganishwa zinatosha pango zima, na zinaingia kwenye begi la daftari. Mikeka ya mpira yenye kitambaa juu inatulia mezani na kete hazipigi kelele, lakini mingi haichoreki, na kwangu mimi mkeka usiochoreka ni kitambaa cha meza tu.

Ukishika vinili, usiikunje: mkunjo huangusha sanamu. Iviringishe, miraba ikiwa nje, ili ukiitandika kingo zilalie meza badala ya kubinuka.